Farumi ya Ndege ya Karatasi: Uzito Uwekwe Wapi, na Kiasi Gani

Aliyekulia akirusha tiara anajua kwamba ikianza kuzunguka na kupiga kichwa chini, dawa yake ni kuiongezea mkia. Dawa hiyohiyo ukiipeleka kwenye ndege ya karatasi unaiua kabisa. Tiara imeshikwa na uzi. Ndege haijashikwa na kitu. Ndege ya karatasi inafanana zaidi na jahazi: cha kuuliza si kwamba mzigo ni kiasi gani tu, bali umepangwa omo au tezi, yaani mbele au nyuma. Kwa hiyo uzito wa kuongeza tutauita farumi, kama mabaharia wanavyoyaita mawe na mchanga unaolazwa tumboni mwa chombo kitupu ili kitulie majini.

Majaribio yafuatayo yanakamilika kwa asubuhi moja, ndani ya darasa au ukumbi. Yanamfaa mwalimu wa sayansi, na yanamfaa pia mzazi mwenye watoto wawili na mvua inayonyesha nje.

VIFAA, NA MIZANI ISIYONUNULIWA

Pata karatasi za A4 zipatazo kumi, zote kutoka rimu moja yenye alama ya 80 g/m² kwenye ganda lake. Ukiuziwa moja moja steshenari, omba kuliona ganda, kwa sababu rimu za gramu 70 nazo zipo sokoni na kwa macho hutazitofautisha. Ongeza klipu ndogo za karatasi zisizopungua 20, rula ya sentimita 30, penseli ya pembe sita, mkasi, selotepu nyembamba, chaki, na futi kamba ya mita 5 kama ya mafundi ujenzi. Futi ya cherehani ni fupi mno.

Mizani ya dukani haifai kwa kazi hii, haitahisi hata ndege nzima. Lakini karatasi yenyewe ni mizani. A4 ni sehemu ya 16 ya mita moja ya mraba, na mita moja ya mraba ya karatasi hii ni gramu 80. Kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5. (Ya gramu 70 inakuwa gramu 4.4 hivi.) A4 ina upana wa milimita 210. Ikate kwa urefu wake vipande kumi vya milimita 21 kila kimoja, na kila kipande kitakuwa nusu gramu. Hayo ndiyo mawe yako ya mizani. Kunja kila kimoja kiwe kifurushi kidogo kisichofumuka.

Sasa pima klipu. Laza penseli mezani, weka rula juu yake mpaka isawazike, kwa kawaida kwenye alama ya 15. Weka klipu kumi juu ya alama ya 2 na mawe ya karatasi juu ya alama ya 28, ukiongeza moja moja mpaka rula ilale sawa. Mawe tisa yakitosha, klipu kumi ni gramu 4.5, yaani kila moja ni gramu 0.45. Pima kumi kwa pamoja, usipime moja moja: rula haina usikivu wa kutenganisha gramu 0.1. Hesabu za hapa chini zinachukua klipu ya nusu gramu. Zako zikiwa nyepesi kidogo, utahitaji moja zaidi.

Kwa walimu: kitabuni kinachopimwa kwa gramu ni tungamo, na uzito ni nguvu. Darasani watenganishe, hapa tunatumia neno la mtaani.

KUKUNJA NDEGE YA KUJARIBIA

Umbo lililochaguliwa ni baya kwa makusudi. Ndege nyingi wanazokunja watoto zina mikunjo mingi puani, na mikunjo hiyo ni farumi iliyojificha. Ukizijaribia hutaona kazi ya uzito mpaka uongeze mwingi. Hii ina mkunjo mmoja tu mbele, kwa hiyo bila msaada hairuki.

1. Simamisha karatasi kwa urefu, ikunje katikati kutoka juu hadi chini, kisha ifungue.

2. Leta pembe mbili za juu zikutane kwenye mstari wa kati. Utapata pembetatu yenye kina cha sentimita 10.5. Pitisha mgongo wa rula juu ya mikunjo. Ukucha unaacha mkunjo uliovimba.

3. Funga tena katikati, pembe ulizokunja zikiwa ndani.

4. Kutoka kwenye mkunjo wa chini pima sentimita 2.5 mbele na sentimita 2.5 nyuma, unganisha kwa penseli, kunja bawa moja kufuata mstari huo. Geuza, kunja la pili. Sehemu ya sentimita 2.5 inayobaki chini ndiyo tumbo.

5. Fungua mabawa. Ncha zake ziwe juu kidogo kuliko mashina yake, ndege ikitazamwa kwa mbele ionekane kama V iliyolala sana. Mabawa yakiinamia chini, ndege itabiringika.

6. Weka kipande cha selotepu cha sentimita 2 juu ya mgongo, sentimita 12 kutoka puani, kuyashikanisha mabawa ili tumbo lisitanuke.

7. Pinda ukingo wa nyuma wa kila bawa kwenda juu, milimita 5 tu, mteremko mdogo kama wa kigae.

Hatua ya 7 hurukwa na wengi, halafu wanasema farumi haifanyi kazi. Ndege yenye pua nzito na bawa tambarare hupiga mbizi moja kwa moja; ule mpindo wa nyuma ndio unaosukuma mkia chini na kuiweka pua mahali pake. Ukishaupinda, usiuguse tena mpaka jaribio liishe. Kubadilisha farumi na mpindo kwa pamoja ni kupoteza asubuhi.

KABLA YA KURUSHA: TAFUTA PALE INAPOSAWAZIKA

Weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kimoja kila upande wa tumbo, usogeze mbele na nyuma mpaka ndege itulie bila kuinama. Weka alama ya penseli, pima kutoka ncha ya pua. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Ndege isiyo na farumi itasawazika karibu na sentimita 15.5, nyuma kidogo ya nusu ya urefu wake wa sentimita 29.7.

Kuna mahali pa pili ambapo vidole havipaoni: pale ambapo hewa, kwa jumla, inalishika bawa ndege ikitikiswa. Tupaite egemeo la hewa. Kwa umbo hili lipo karibu na sentimita 12 kutoka puani. Mambo yote ya farumi yanatokana na mpangilio wa alama hizi mbili. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya egemeo, pua ikiinuka kidogo hewa inausukuma mkia juu na pua inarudi. Kitovu kikiwa nyuma ya egemeo, pua ikiinuka kidogo hewa inaizidishia, na mwisho wake ni ndege kusimama wima na kuanguka kwa mkia. Ndege yako sasa hivi ina kitovu sentimita 3 na nusu nyuma ya egemeo.

JARIBIO LA KWANZA: FARUMI PUANI

Chora mstari wa chaki sakafuni. Mrushaji awe mmoja mwanzo hadi mwisho, arushe kutoka usawa wa bega, pua ikitazama mbele sawasawa wala si juu, kwa mkono mlaini kama anayempa mwenzake kitu. Kila kiasi cha farumi kirushwe mara 5. Futa mruko mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote, chukua wastani wa mitatu inayobaki. Pima mpaka pale pua ilipogusa sakafu kwanza, si pale ndege ilipoishia kuteleza. Sakafu ya terazo peke yake inaweza kukuzawadia mita nzima.

Klipu zilazwe ndani ya tumbo, juu ya mkunjo wa chini, zikisukumwa mbele mpaka zikwame puani, kisha pua ifungwe kwa selotepu kidogo. Zikiwa ndani hazichomoki kila ndege inapogonga ukuta, na hazimchomi mtu jicho. Kila ukiongeza moja, tafuta upya kitovu cha uzito. Kwa klipu ya nusu gramu kitasogea hivi:

Bila klipu: sentimita 15.5
Klipu 1: sentimita 14.2
Klipu 2: sentimita 13.2
Klipu 3: sentimita 12.4
Klipu 4: sentimita 11.6
Klipu 5: sentimita 11.0
Klipu 6: sentimita 10.4

Tazama hatua zinavyofupika: klipu ya kwanza imekisogeza kitovu zaidi ya sentimita moja, ya sita karibu nusu yake. Uzito wa mbali na kitovu una nguvu kubwa, na kitovu chenyewe kinaukaribia kila unapoongeza.

Bila klipu, ndege huinua pua mara tu inapouacha mkono, hujipindua au husimama, na huanguka karibu na miguu yako. Watoto watataka kuitibu kwa kuirusha kwa nguvu. Waache wajaribu mara moja, itajipindua kwa nguvu zaidi. Klipu moja na mbili huleta mruko wa kudanganya: mara moja inakwenda vizuri, mara ya pili inasimama wima. Hicho ni kitovu kilicho karibu na egemeo lakini bado nyuma yake. Ukipima mruko mmoja mmoja utajidanganya, na ndiyo sababu ya kurusha mara 5.

Kati ya klipu ya tatu na ya tano mambo hubadilika. Ndege inashuka kwa mteremko mmoja, na mirusho mitano inatua karibu karibu. Tafuta kwanza huo ukaribu, kabla ya umbali. Mirusho iliyotua ndani ya nusu mita inakuambia ndege imetulia. Umbali utaurekebisha baadaye kwa mpindo wa nyuma.

Kuanzia ya sita pua inashinda. Ndege inatoka mkononi vizuri, halafu inachoma chini. Haijaharibika: imetulia kupita kiasi, na mpindo wa milimita 5 haumudu tena kuibeba pua.

JARIBIO LA PILI: UZITO ULEULE, MAHALI PENGINE

Chukua ndege yenye klipu 4, ambayo sasa ni gramu 7, uhamishe klipu moja tu kutoka puani hadi mwisho wa tumbo. Uzito haujabadilika hata kidogo. Kitovu kimerudi nyuma karibu sentimita 2, na ndege inaanza kufanya vituko vya ile ya klipu mbili au hata moja. Hili ndilo jaribio la kumwonyesha mtu anayeuliza kama ndege nyepesi ni bora kuliko nzito: gramu 7 zinaruka, gramu 7 zinaanguka.

Sasa irudishe klipu puani, na uweke klipu moja chini ya ncha ya bawa la kulia kwa selotepu. Ndege itainamia kulia na kukata kona upande huo. Ukiweka nyingine ncha ya kushoto itanyooka, lakini haitakuwa ileile ya mwanzo: uzito wa nchani unaifanya iwe nzito kuinama na nzito vilevile kunyooka. Ikishaanza kulala upande, inaendelea kulala. Farumi ikae kwenye mstari wa kati. Mabawani weka pale tu unapotaka kona.

JARIBIO LA TATU: UZITO BILA KUSOGEZA KITOVU

Kunja ndege ya pili iliyo sawa na ile ya klipu 4. Halafu ongeza klipu 8 ndani ya tumbo, zikiwa zimegawanyika sawa mbele na nyuma ya alama ya sentimita 11.6. Pima kwa vidole: kitovu kisihame. Una gramu 7 na gramu 11, umbo moja, mizani moja.

Irushe hiyo nzito kwa mkono uleule mlaini. Itazama mapema, na wengi hapo wataandika daftarini kwamba uzito unafupisha mruko. Wasubiri. Bawa linabeba kwa mwendo: kadiri ndege inavyokuwa nzito, ndivyo inavyohitaji kwenda kasi ili ibebwe, na kasi hiyo hukua kwa kipeuo cha pili cha uzito. Gramu 11 kwa 7 ni 1.57, kipeuo chake cha pili ni 1.25. Ndege nzito inahitaji kasi zaidi kwa robo. Uzito ukiwa mara mbili, gramu 14, kasi inapanda kwa mara 1.4 tu, si mara mbili.

Rusha tena, sasa kwa nguvu kidogo, mpaka upate mteremko ulionyooka. Utaona mteremko wenyewe haujabadilika sana. Kutoka kimo kilekile ndege mbili zinafika karibu mahali pamoja, nzito inatangulia. Kama nyepesi ilikaa hewani sekunde 2, nzito inatarajiwa kukaa sekunde 1.6 hivi. Saa ya simu inatosha kuupata utofauti huo, mradi urushe kutoka jukwaani au kwenye ngazi na aliyeshika simu awe si mrushaji.

Kinachopunguza ndege nzito kwa kweli ni karatasi yenyewe. Mabawa ya karatasi ya 80 g/m² yakibebeshwa gramu 14 yanajikunja juu, V inakuwa kali, mpindo wa nyuma unanyooka, na ndege inachoma chini ingawa vidole vinasema kitovu kiko sawa. Ikitua, pua inakunjamana. Pua iliyopinda hata milimita 2 ni ndege nyingine. Inyooshe kabla ya kurusha tena, au kunja mpya.

Rekodi za dunia zinaonyesha kitu hichohicho kwa pande mbili. Mwaka 2010 Takuo Toda wa Japani alikaisha ndege ya karatasi hewani kwa sekunde 29.2. Desemba 2022, huko Crown Point, Indiana, Marekani, Dillon Ruble, Garrett Jensen na Nathaniel Erickson walifikisha umbali wa mita 88.318. Anayetafuta muda anataka gramu chache juu ya bawa pana, ili ndege ishuke polepole. Anayetafuta umbali kwa mkono wenye nguvu anataka bawa dogo na uzito wa kutosha, ndege isife mwendo baada ya mita chache kama karatasi tupu inavyokufa. Ndege moja haiwezi kuwa bora kwa yote mawili, kwa hiyo mkipanga mashindano semeni mapema mnapima nini.

Kitu kimoja huwashangaza wengi: ukikata A4 katikati na kukunja umbo lilelile kwa A5, ndege inakuwa gramu 2.5 lakini bawa nalo limepungua nusu. Kila sentimita ya mraba ya bawa inabeba kilekile. Mwendo wake hautofautiani sana na wa ile kubwa, ingawa macho yanakuambia ina kasi zaidi kwa sababu ni ndogo. Farumi yake nayo iwe nusu: klipu 2 badala ya 4.

UNYEVU NA UPEPO WA TANGA

Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina mwingi wa kunywesha. Ongezeko la uzito ni dogo, sehemu ya gramu. Madhara yake ni ulegevu: mkunjo haukai, bawa linaning'inia, mpindo wa nyuma unajifungua wenyewe baada ya mirusho michache. Rimu iliyofunguliwa iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, tena kabatini, mbali na dirisha linalotazama bahari. Ndege iliyokunjwa jana usiilinganishe na ya leo. Zikunje zote kwa pamoja, uzirushe kwa pamoja.

Vipimo vyote vifanyike ndani, feni ikiwa imezimwa na madirisha ya upande mmoja yamefungwa. Nje, ndege ya gramu 7 ya umbo hili inakwenda kama mtu anayekimbia polepole, na upepo wa kawaida wa mchana kutoka baharini una mwendo huo au zaidi. Pale Raskazone, ufukweni mwa jiji la Tanga, saa tisa alasiri ukiirusha kuelekea majini itarudi nyuma yako. Kama lazima iwe nje, nenda asubuhi na mapema kabla upepo wa bahari haujaanza, kwenye uwanja uliozungukwa na majengo au miti. Bustani ya Jamhuri inapendeza, lakini imeikabili bandari na haina kizuizi. Miezi ya kusi ni migumu kuliko yote.

Upepo wa wastani ukikukuta, hapo ndipo ile ya gramu 11 inapolipa. Irushe upepo ukiwa wa omo: mwendo wake wa ziada unaiwezesha kusonga mbele pale ya gramu 7 inaposimama na kurudishwa.

IKIKATAA

Inapanda, inasimama, inaporomoka, inapanda tena kama mawimbi: angalia kitovu kwanza. Kikiwa sentimita 11 hadi 12, tatizo ni mpindo mkubwa wa nyuma au mkono mzito. Punguza mpindo kwa milimita 1 hadi 2. Kikiwa zaidi ya 12, ongeza klipu.

Inachoma chini: ongeza mpindo kidogo. Ikiendelea, toa klipu moja.

Inakata kona upande mmoja bila klipu nchani: itazame kwa mbele, jicho moja limefumbwa. Mara nyingi bawa moja limeinuka zaidi, au mpindo wa nyuma haulingani. Ukikuta kila kitu ni sawa, tafuta selotepu: kipande kilichobandikwa upande mmoja wa pua kinatosha kuipeleka ndege kona kabla ya mita tano.

Ilikuwa nzuri, ghafla imeharibika: tikisa karibu na sikio. Klipu iliyolegea ndani ya tumbo inateleza kwenda nyuma kila pua inapoinuka, na kitovu kinahama ndege ikiwa hewani. Mabaharia wanaijua hatari ya mzigo usiofungwa. Fungua pua, sukuma klipu mbele, bandika selotepu upya.